Usiipanguse

Usiipanguse, Shekuwe. Iache na uchafu wake.
Anayeisugua kwa ndimu na majivu
huking'arisha hasara.
Iweke hapa, juu ya kitambaa cheusi,
kando ya mizani ninayopimia vipini vya maarusi,
kisha unipishe, umenizibia mwanga wa mlango.

Naam. Shilingi ishirini.
Ndovu ameteleza. Mkonga umeliwa na ukingo,
na upande huu umebaki mwezi mwandamo
wa chuma kitupu, haukuandikwa neno.
Umekuja mbio toka Mkomani, kanzu imekuganda mgongoni,
na njiani umeshaezeka jiko la mamako
kwa mabati ambayo hujayanunua.

Ngoja.
Kosa halina bei mpaka lijulikane lilikozaliwa.

Kuna kosa la tumboni na kosa la barabarani.
La tumboni chuma hulipata chini ya nyundo ya mtambo,
mara moja tu, kufumba na kufumbua,
pengine mwendeshaji alikuwa akipiga chafya.
La barabarani ni jiliwa la fundi Bunu,
ni tupa, ni moto wa makaa,
ni kijana mwenye madeni na usiku mrefu.
Juzi mtu kaniletea noti ya mia mbili
yenye upande mmoja usio na rangi.
Sikuitazama. Niliinusa.
Ilinuka dawa ya kufulia.
Nikamrudishia, akanitukana hadi kwenye ngazi,
nami nikamwombea riziki kwingine.

Hii yako, tazama meno ya ukingoni:
hayakuparuzwa hata moja.
Nimeweka nzima huku na hii kule,
ulimi wa mizani haukusema kitu.
Nikiiangusha juu ya jiwe inalia sauti ya dada zake.
Basi ni kweli. Ni kosa la haki.

Bei? Bei ni mtu.
Pasipo mtu wa kuitamani ni mkate wa mofa
na muuza mkate ataitia bakulini bila kuigeuza.
Wanaoitamani nawajua wawili:
daktari mmoja wa meno, yuko Malindi,
anayezipanga kwenye karatasi za plastiki kama vyeti,
na mimi, ambaye sina pa kuzipanga.

Lakini ajabu, Shekuwe.
Binti yangu Mwanatumu,
kitambulisho kimemwandika Mwanatuma.
Herufi moja. Huu mwaka wa sita.
Nimekiweka chini ya lenzi hii hii:
wino haukufutwa, karatasi haikukwanguliwa,
ile *a* imekaa imara kuliko nguzo za nyumba yangu.
Kosa la tumboni, safi, la mtambo wenyewe.
Hajatokea wa kumtolea bei.
Benki ilimfungia kidirisha,
chuo kilimwambia arudi Jumatatu,
na Jumatatu ile imeshazaa wajukuu.
Karani alimwuliza, usoni, bila haya:
kwani wewe huwezi kuwa Mwanatuma?

Mimi nimezoea kupima vitu visivyojibu.
Siku ile nilikosa mawe ya kuweka upande wa pili.

Haya. Nakupa elfu mbili na mia tatu.
Sikupunji; ndizo zilizomo kwenye mkebe.
Mombasa watakupa tatu,
ila nauli itaumega mfuko kwenda na kurudi,
na daktari wa Malindi atakwambia ina mkwaruzo
hata kama haina.
Au rudi nayo nyumbani, ni mali yako,
lakini usiichanganye na wenziwe mfukoni:
usiku mmoja wa njaa
utainunulia viazi karai,
na kesho utalia kwenye masufuria ya watu.

Umekubali? Usinikubalie kwa haraka.
Umekubali.
Basi ingia ukumbini, umwite binti yangu;
risiti zangu zote huandika yeye.
Mwite Mwanatumu.
Kwa *u*, Shekuwe. Itamke mpaka mwisho.